Sabuni, pareto, muarobaini au neti? Kupambana na wadudu ndani ya sere hapa Goma

Ukitaka kujua hali ya nyanya zako, usiishie kuangalia upande wa juu wa jani. Ingia ndani ya sere, yaani banda la plastiki la kulimia, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapasha plastiki, shika jani kwa vidole viwili na uligeuze taratibu. Saa hiyo baridi bado imewalegeza inzi weupe, hawaruki. Kwenye majani machanga ya juu utawaona wakubwa wenye mabawa, wamekaa kama unga uliomwagika, na mayai yao pembeni. Shuka majani ya chini, utakuta magamba madogo ya rangi hafifu yasiyotembea. Hao ni watoto wao, wamejibandika wananyonya. Ukitikisa mnyanya huohuo saa sita mchana utaona wingu jeupe tu, na utadhani adui ni lile wingu, kumbe kizazi kinachokuja kiko kwenye magamba.

Wengi wanaoniuliza wapulize nini wameshachagua dawa kabla ya kugeuza jani. Ndiyo sababu ya ulinganisho huu. Nalima nyanya, matango na pilipili hoho, hizi puavro zetu, ndani ya sere mbili za miti na plastiki upande wa Mugunga. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa sere ndogo ya hapa kwetu, fedha ya kwanza iende kwenye neti na mlango, jasho la kwanza liende kwenye sabuni, na pareto ikae akiba hadi siku mambo yakizidi.

Dawa kali za dukani sizilinganishi hapa. Sere ni chumba. Ukipuliza sumu ndani yake, ukungu wa dawa hauna pa kwenda, unarudi kifuani mwako. Tena nyanya za sere huchumwa kila baada ya siku mbili tatu, wakati dawa nyingi kali zinadai usubiri siku kadhaa, nyingine wiki mbili, kabla ya kuvuna. Nani anasubiri wiki mbili huku nyanya zinaiva? Matokeo yake sumu inafika sokoni, na kwenye sahani ya mtoto.

Kwanza mjue unayepigana naye

Kule Kibumba, kwenye mashamba ya wazi, kabichi zikinyeshewa, matone yenyewe huangusha vidukari na kuwazamisha kwenye matope. Ndani ya sere mvua haifiki, upepo ni mdogo, joto linapanda, na wanaokula wadudu hawapati njia ya kuingia. Kwa hiyo wanaoneemeka chini ya plastiki ni wale laini wanaonyonya: vidukari, inzi weupe, thripsi (vijidudu vyembamba sana) na utitiri mwekundu. Kidukari jike hahitaji dume, anazaa watoto hai, na penye joto mtoto huyo naye anaanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Utitiri si mdudu hasa, una miguu minane kama buibui, na jambo hilo lina maana kubwa: dawa nyingi za wadudu haziuui, bali zinaua wanaoula, halafu utitiri unafumuka. Ukiona majani yana vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba kwenye ncha, ni yeye.

Kundi la pili ni watafunaji: viwavi, na juu yao wote nondo wa nyanya, Tuta absoluta, ambaye Watanzania wamempa jina la kantangaze. Kwake nitarudi chini, kwa kuwa hata sabuni wala pareto havimfikii anapokuwa ndani ya jani.

Sabuni au pareto?

Sabuni haiingii kwenye mmea wala haibaki kama sumu. Inavunja nta inayolinda ngozi laini ya mdudu na kuziba vitundu anavyopumulia, basi anakauka. Inamuua yule tu iliyemgusa ikiwa bado majimaji. Ikishakauka, jani ni salama kwa kila kiumbe, wa hasara na wa faida. Huo ndio udhaifu wake, na ndio uzuri wake: umepuliza jioni, kesho unachuma, unaosha kwa maji, unauza bila wasiwasi.

Pareto ni ua jeupe lenye kitovu cha njano linalopenda baridi ya milimani. Nyanda za juu za Kivu Kaskazini zinalijua ua hili tangu enzi za Wabelgiji, na ng'ambo ya mpaka, kuzunguka Musanze, bado linalimwa. Sumu yake iko kwenye ua, na ua lililokaushwa vizuri huwa nayo asilimia 1 hadi 2. Inapiga mishipa ya fahamu ya mdudu: ndani ya dakika chache inzi weupe wanaanguka chini. Kwa macho, hakuna kinachofanana nayo. Lakini rudi baada ya saa moja. Kama ulipima kidogo, utaona baadhi wanatikisa miguu, wanainuka na kurudi juu. Na jua likitoka, nguvu yake inavunjika ndani ya saa chache hadi siku moja.

Basi kwa nini naiweka sabuni mbele? Kwa sababu pareto haichagui. Inaua nyuki, inaua vile vijidudu vya mgongo mwekundu wenye madoa meusi ambavyo hula vidukari kwa wingi, inaua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Sabuni nayo inaweza kumdhuru rafiki aliye mbele ya pompi ya kupulizia, lakini atakayekuja saa moja baadaye anakuta jani safi. Ukizoea kupuliza pareto kila wiki, unabaki peke yako na adui, na adui anazaliana haraka kuliko rafiki.

Sasa maji, na hapa Goma maji ndiyo yanayoamua. Mama mmoja jirani yangu aliniita akisema sabuni haifai kitu: amepuliza mara tatu, inzi weupe wako palepale, na pompi imeziba. Tuliifungua pamoja. Ndani ya chujio kulikuwa na mabonge meupe, mepesi, yanayoteleza, kama maziwa yaliyokatika. Nikamuuliza, "Mama, maji umechota wapi?" Akanionyesha bidoni zake, yaani madumu, zimetoka ziwani asubuhi ile kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Maji ya Ziwa Kivu yana magadi na madini mengi, hasa magnesiamu. Kipimo chake cha pH juu ya ziwa ni karibu 9. Sabuni ikikutana na madini hayo inaganda, inakuwa mabonge, na kinachobaki kwenye maji hakina nguvu ya kumuua hata kidukari. Tulimwaga, tukaosha pompi, tukachanganya upya kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye pipa la paa. Povu lilipanda mara moja. Baada ya siku mbili alinipigia simu, magamba yamekauka na kugeuka rangi ya kahawia.

Maji hayohayo ya ziwa yanaiharibu pareto pia, kwa kuwa magadi huivunja. Kwa hiyo kanuni ya maji ya mvua ni kwa zote mbili, na kwa sababu hiyohiyo usichanganye pareto na sabuni ya kipande kwenye pompi moja, hata kama jirani anafanya hivyo.

Vipimo ninavyotumia: gramu 10 za sabuni ya kipande ya kawaida, isiyo na manukato, imekunwa na kuyeyushwa kwenye maji moto kidogo, kisha ikamilishwe kuwa lita 1. Pompi ya lita 15 inataka gramu 150. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse, inaunguza majani. Hata sabuni nzuri ijaribu kwanza kwenye mimea miwili, usubiri siku mbili, hasa kwa matango ambayo ngozi yake ni nyepesi. Puliza jioni au asubuhi sana, kamwe si kwenye jua, na puliza kutoka chini kwenda juu, mdomo wa pompi ukiangalia tumbo la jani. Mayai hayafi, kwa hiyo rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu au nne. Inzi mweupe wa sere, kwenye joto la nyuzi 21 hivi, huchukua takribani wiki nne kutoka yai hadi kuruka. Ukiacha katikati umefanya kazi bure.

Pareto ni gramu 10 za maua makavu yaliyosagwa kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, yachujwe kwa kitambaa na yapulizwe jioni hiyohiyo. Isilale. Na unga wake uhifadhi gizani, kwenye chombo kinachofunga vizuri. Kuna jambo la kuangalia dukani: dawa zenye majina kama sipamethrini na deltamethrini huuzwa kama "pareto". Zimeigwa kutoka pareto lakini ni za kiwandani, hazivunjiki kwa jua upesi, na zinakaa kwenye nyanya. Soma chupa.

Muarobaini, utupa, na mapishi ya jikoni

Mafuta ya muarobaini yanafanya kazi tofauti kabisa. Hayaangushi mdudu. Yanamwondolea hamu ya kula na kumvuruga asiweze kujivua ngozi ili akue. Mtu anayetaka kuona maiti kesho yake atakata tamaa, lakini baada ya siku kumi, kwa mpulizaji mvumilivu, watoto wa inzi weupe na viwavi wadogo wanapungua kweli. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa lita moja, pamoja na sabuni kidogo ya kuyachanganya na maji.

Kikwazo hapa ni mahali. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na muarobaini ni mti wa joto. Usitegemee kuupanda uani na kuvuna mbegu. Mafuta yanatoka mbali, hufika kwa chupa ndogo, na bei inapanda na kushuka. Asubuhi ya baridi utayakuta yameganda kama siagi. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe. Ukiyapata kwa bei inayobebeka, yape kazi ya kinga: anza wiki ya pili baada ya kupandikiza, kabla ya wingi. Yakija baada ya wingi, yamechelewa.

Utupa, kile kichaka chenye maua meupe au zambarau ambacho wavuvi wabaya hukiponda ili kulevya samaki, unapatikana na hauna bei. Majani yake yaliyopondwa na kulowekwa usiku mmoja huua vidukari na viwavi wadogo. Wapo wanaoupenda kuliko vyote, na siwabishii kuhusu nguvu yake. Ila sumu inayoua samaki si kitu cha kuchezea karibu na ziwa linalotulisha sambaza. Ukiutumia, vaa glavu, maji ya kuosha pompi yamwage kwenye udongo mbali na mfereji, na usipulize kwenye mboga za majani utakazochuma wiki hiyo. Kutoka kwenye mti si hati ya usalama.

Tumbaku naikataa kabisa kwa nyanya. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu, inapenya ngozi, na majani ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vya batobato vinavyohamia kwenye nyanya na pilipili hoho. Kwa sababu hiyohiyo mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Pilipili na kitunguu saumu? Hufukuza kidogo, kwa siku moja au mbili. Zikiwa ndiyo njia yako pekee, utalia macho bure.

Neti: gharama kubwa mara moja

Hapo juu kote tunaua walioingia. Neti inawazuia wasiingie, na nikilinganisha miaka, ndiyo iliyonipunguzia kazi kuliko pompi zote. Uamuzi uko kwenye tundu. Inzi mweupe wa sere anazuiwa na tundu la milimita 0.29 hivi, kidukari wa matango na pamba, 0.34, thripsi anahitaji karibu 0.19. Chandarua cha mbu kina matundu ya zaidi ya milimita 1. Kinamzuia nondo mkubwa, lakini kwa inzi weupe ni mlango ulio wazi. Zaidi ya hayo, chandarua chenye dawa kilitolewa kimlinde mtoto asipate malaria, kibaki kitandani kwake.

Hasara ya neti nzuri ni hewa. Tundu likiwa dogo, upepo unapita kwa shida. Wenzetu wa mabondeni kwenye joto wanaungua humo. Sisi Goma tunasaidiwa na baridi yetu, lakini tunaadhibiwa na unyevu: hewa ikisimama wakati wa mvua, mildiu, ule ugonjwa wa ukungu, inapanda kwenye nyanya ndani ya siku chache na inaweza kumaliza shamba kabla inzi weupe hawajamaliza jani moja. Kwa hiyo ukifunga neti laini, ongeza ukubwa wa madirisha, panda kwa nafasi, na kata majani ya chini yanayogusa udongo. Mimi nimeacha kabisa kutafuta neti ya thripsi. Nimeridhika na ile ya inzi weupe, na thripsi nawashughulikia kwa mitego.

Kuna gharama nyingine watu hawaisemi: nyuki nao hawaingii. Nyanya na puavro zitavumilia, ukipita kila siku asubuhi maua yakikauka umande na kugonga kamba zinazobeba mimea ili chavua idondoke. Matango ni habari nyingine. Yale ya mbegu ya kawaida hayazai bila nyuki, au bila wewe kuhamisha chavua kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Kama matango ndiyo biashara yako, nunua mbegu ya aina inayozaa bila kuchavushwa, au usifunge neti.

Na mlango uwe miwili, wa nje na wa ndani, hatua mbili katikati. Mlango mmoja unaofunguliwa mara thelathini kwa siku unaifanya neti kuwa pambo.

Bidoni ya njano inafanya kazi ya mlinzi

Bidoni ya njano ya mafuta iliyopasuka usiitupe. Ikate vipande vya ukubwa wa daftari, paka vaselini au grisi nyepesi pande zote mbili, tundika kwenye kamba, sawa na ncha za mimea, na uipandishe kadiri mimea inavyopanda. Inzi weupe, vidukari wenye mabawa na inzi wachimba majani huvutwa na njano. Thripsi huvutwa zaidi na buluu, na kwao tafuta beseni kuukuu la rangi hiyo. Mitego haimalizi wadudu, lakini inakuambia mapema. Mimi huhesabu kila Jumatatu kwenye vipande vinne. Wiki ambayo hesabu imeongezeka mara mbili, naanza sabuni siku hiyohiyo, sisubiri majani yawe na masizi.

Utelezi wenye sukari wanaotoa wanyonyaji ndio unaoota ule ukungu mweusi kama masizi, na ndio unaowaita sisimizi. Sisimizi wanawalinda vidukari kama mchungaji na ng'ombe wake. Ukiona msafara wao unapanda kamba, paka grisi chini ya kamba hiyo. Wadudu wanaokula vidukari watapata nafasi ya kufanya kazi. Huko Naivasha, Kenya, wakulima wakubwa wa maua huachilia kwa makusudi utitiri unaokula utitiri mwenzake, na kwa inzi weupe kuna nyigu mdogo, Encarsia formosa, aliyeanza kutumika kwenye sere za Uingereza miaka ya 1920. Hapa kwetu kupanga usafirishaji wa viumbe hai hadi Goma ni mzigo mzito kwa sere ya mita 8 kwa 15. Bora kuwatunza tulio nao kwa kutopuliza ovyo.

Nondo wa nyanya

Huyu alitoka Amerika Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006, Kenya mwaka 2014, na sasa ni wetu sote. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 260. Kwenye nyuzi 27 mzunguko wake unaisha kwa siku 24 hivi. Kwenye nyuzi 14 unafika siku 76. Baridi yetu inampunguza kasi nje, lakini sere inamrudishia joto analolitaka. Kiwavi wake anaingia kati ya ngozi mbili za jani na kuacha dirisha jeupe lenye uchafu mweusi ndani, kisha anahamia kwenye tunda kupitia karibu na kikonyo.

Hapa chaguo ni kati ya mkono na Bt, yaani bakteria Bacillus thuringiensis. Bt haimdhuru nyuki wala binadamu. Kiwavi anapokula jani lililopulizwa, tumbo lake linapasuka na anaacha kula. Lakini lazima aile, na jua huivunja ndani ya siku chache. Ipulizwe jioni, mayai yanapoanza kuanguliwa, kabla kiwavi hajajificha. Akishakuwa ndani, mkono unashinda: chuma jani lenye dirisha na tunda lililotobolewa, weka kwenye ndoo yenye kifuniko, usilitupe kando ya mlango. Kwa minyanya mia mbili, ni kazi ya dakika arobaini mara mbili kwa wiki. Kwa minyanya elfu mbili, tafuta Bt na mitego ya harufu ya jike. Mitego hiyo inakamata madume na kukuonyesha siku walipofika.

Swali la mwisho ambalo kila mwenye sere linamfikia: mavuno yakiisha, upande tena mara moja au uache pengo? Soko linasema panda. Mimi naacha wiki nne. Kabla ya kung'oa napuliza sabuni mara ya mwisho ili wenye mabawa wasihamie kwa jirani. Mabaki yote, pamoja na magugu ya pembeni ambayo inzi weupe hujificha, yanaingia kwenye pipa lenye kifuniko na kukaa juani mpaka yaoze. Mbuzi hawapewi, majani ya nyanya yanaweza kuwadhuru. Halafu nafunga madirisha na milango siku za jua. Inzi weupe waliobaki, wakikosa jani lolote la kunyonya, hawamalizi wiki. Mabuu ya nondo wa nyanya, yaani viwavi waliojifunga ili wageuke nondo, yaliyolala kwenye udongo yanachelewa kidogo kutoka, na yakitoka hayakuti mnyanya. Wiki ya nne natundika vipande vinne vya bidoni mahali pakavu pasipo na kitu, naviacha siku tatu, na vikibaki safi ndipo naleta miche.